Macho ya Wazee, na Saburi Isiyo Saburi



Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Neno hili ni la kweli, maana mzee ameyaona mambo ambayo kijana hajayasikia hata kwa jina. Walakini twajua pia ya kuwa aliyeishi sana, kwa macho haya ya mwilini, huona machache kila mwaka upitao. Kwanza humpotea herufi za kitabu, kisha tundu la sindano, kisha uso wa mjukuu asimamaye mlangoni. Naye akiyasema hayo, jibu lisikiwalo katika nyumba nyingi ni moja: "Ni uzee huo, babu. Uwe na saburi." Mwezi huu twapenda kulipima neno hilo. Je, saburi hiyo ni wema? Na tena, ni nani mwenye haki ya kumwagiza mwenzake awe na saburi?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Mtu akishuka katika kivuko cha Magogoni na kupita soko la samaki la Feri, ataona wazee wakishona nyavu zilizopasuka. Akiendelea hata Kariakoo, ataona mafundi wa cherehani wakitia uzi katika sindano, na akina mama wakichambua mchele wa kuwapikia wateja, na wenye maduka wakisoma namba ndogo katika simu ili wajue kama fedha imeingia. Kazi hizi zote zataka macho yaonayo karibu. Macho yakipungua, riziki hupungua pamoja nayo. Wala hapana apigaye kelele, kwa kuwa upungufu huo huja polepole kama maji yanavyokupwa.

Basi na tuanze kwa kujua, maana asiyejua sababu ya jambo hawezi kuujua wajibu wake. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya na kuyaita kwa jina moja la uzee.

La kwanza ni kupungua kwa nguvu ya kuona vilivyo karibu. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, iko lenzi, nayo ni kitu kidogo kiangavu chenye umbo la punje ya dengu. Katika ujana lenzi ni laini; misuli midogo iizungukayo huiwezesha kunenepa tutazamapo karibu na kutandaa tutazamapo mbali. Lakini mwaka kwa mwaka lenzi huzidi kuwa ngumu, hata mtu apitapo umri wa miaka 40 hivi haiwezi tena kunenepa kama zamani. Ndipo tumwonapo mtu akikisogeza kitabu mbali na uso wake, au akitoka nje kutafuta mwanga wa jua ili asome barua. Hali hii si ugonjwa, wala si adhabu, wala si matokeo ya kusoma sana. Humpata mwalimu na mchukuzi, tajiri na maskini, naye aishiye miaka ya kutosha haiepuki.

Dawa yake ni miwani. Haya si maarifa mapya: mafundi wa Italia walitengeneza miwani ya namna hii tangu mwisho wa karne ya 13, yaani zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 ya kuwa watu wapatao milioni 826 walikuwa na upungufu huu bila kupata miwani iwafaayo. Hapa kwetu, watafiti waliwapima watu wa umri wa miaka 40 na zaidi katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na habari zao zilichapishwa mwaka 2006. Walikuta zaidi ya watu 6 katika kila 10 wana upungufu huo, na wenye miwani walikuwa wachache sana. Wako wasemao ya kuwa miwani huyaharibu macho, na ya kuwa aliyeanza kuivaa hataweza kuiacha. Lakini lenzi huzidi kuwa ngumu kwa mwenye miwani na kwa asiye nayo. Tofauti ni kwamba mmoja aweza kusoma na mwingine hawezi.

Jambo la pili ni mtoto wa jicho. Hili ni tofauti kabisa. Lenzi iliyokuwa angavu huanza kuingiwa na ukungu, kama kioo cha taa kinavyoingiwa na moshi, hata mwanga usipite vizuri. Mtu huona kama yuko ndani ya umande. Rangi hufifia, taa za magari usiku humtia kiwi, naye hubadili miwani mara kwa mara bila kupata nafuu. Sababu kubwa ni umri. Lakini kisukari, tumbaku, jua kali la miaka mingi, jeraha la jicho, na baadhi ya dawa zitumiwazo bila ushauri wa daktari huweza kuuharakisha. Mtoto wa jicho hakui juu ya jicho, yumo ndani. Kwa hiyo hakuna majani, wala maziwa, wala dawa ya matone iwezayo kumwosha. Tena dawa za kutia machoni pasipo kupimwa zimewaharibia watu wengi hata kile kioo cha mbele cha jicho kilichokuwa kizima.

Dawa yake ni upasuaji tu. Tabibu Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi yenye ukungu kwa kupasua jicho mwaka 1747, na waliotibiwa hivyo waliona tena, lakini iliwabidi kuvaa miwani minene sana. Mwaka 1949, katika mji wa London, Harold Ridley alitia ndani ya jicho lenzi iliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameona ya kuwa vipande vya plastiki ya ndege vilivyoingia katika macho ya marubani vilikaa humo bila kuyadhuru, naye akapata wazo kutoka kwa msiba huo. Siku hizi daktari hulitia jicho ganzi, huitoa lenzi iliyoharibika, huweka nyingine angavu, na kazi hiyo kwa kawaida haimalizi saa moja. Jicho halitolewi nje likarudishwa, kama wengine wanavyosimulia. Wala hailazimu kungoja miaka hata mtoto wa jicho akomae, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Hapa Dar es Salaam kazi hiyo hufanyika Muhimbili, na katika hospitali ya CCBRT kule Msasani, ambayo shirika lake lilianza mwaka 1994. Na kule Moshi iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa.

Tukiisha kuyajua haya, neno "ni uzee" laonekana kwa sura nyingine. Naam, ni uzee. Lakini kulitaja jambo kuwa ni uzee si kusema ya kuwa halina dawa. Meno hutoka na kung'oka kwa umri pia, wala hatumwambii mtu asitafunie chakula chake. Kwa nini basi jibu hili limekuwa jepesi sana midomoni mwetu?

Twaona ya kuwa ni kwa sababu jibu hili humfungua ajibuye. Akisema, "Huyu ni mgonjwa," imempasa kuinuka, kutafuta nauli, kuomba ruhusa kazini, kukaa katika benchi la hospitali. Akisema, "Huyu ni mzee," hana la kufanya ila kumhurumia. Ndivyo ilivyo desturi ya mwanadamu: mahali asipoijua sababu, au asipotaka kuijua, hubuni sababu itakayomwacha huru. Wakati mwingine sababu hiyo ya kubuni ni ya kutisha. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza wanawake wazee waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na moja ya alama walizohukumiwa kwazo ni macho mekundu. Kumbe mama aliyepika miaka 50 kando ya moshi wa kuni atakosaje macho mekundu? Asemaye "ni uzee" hamwui mtu. Wala hatumfananishi na muuaji. Lakini wote wawili wameyatazama macho yaliyoumia, na hakuna aliyeuliza yameumizwa na nini.

Hapo ndipo tupimapo saburi. Saburi ni wema wa yule auchukuaye mzigo. Haiwi wema wa yule asimamaye kando akimtazama mwenzake akiuchukua. Katika mji huu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kariakoo ilipata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Watu wale walitwishwa shehena za vita, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi. Waliochukua walikuwa na saburi ya kweli. Lakini kama mwenye kuwatwisha angaliisifu saburi yao, nasi tungaliisikia sifa hiyo, tusingalimhesabu kuwa mtu mwema kwa ajili yake. Vivyo hivyo mzee avumiliaye giza lake bila kunung'unika yastahili tumheshimu. Ila sisi tuwezao kuliondoa giza hilo hatupati sehemu yoyote katika heshima ile kwa kumshauri avumilie.

Wako watakaotujibu kwa neno la fedha, nalo si neno la kudharauliwa. Baba mwenye watoto wa shule, akaaye chumba kimoja cha kupanga Kariakoo, atasema: "Fedha nitakayotumia kwa jicho la mama yangu mwenye miaka 75 ni daftari na nauli ya mtoto wangu mwenye miaka 10. Mtoto ana maisha mbele yake. Mama ameyamaliza yake. Nifanyeje?" Hatutamhukumu mtu huyo. Ziko nyumba ambazo kwa kweli haziwezi, na aliyeshiba asimfundishe mwenye njaa jinsi ya kugawa mkate. Lakini twamwomba afanye hesabu mara mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya mfukoni. Mzee asiyeona huhitaji wa kumshika mkono, na mara nyingi huyo ni mjukuu ambaye angalikuwa shuleni, au mkwe ambaye angalikuwa sokoni. Naye aonaye vibaya bado ana kazi yake ambayo angaliweza kuifanya. Katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, wachumaji wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza chai yao kwa kadiri ya moja ya tano kupita wenzao wasiopewa. Habari hizo zilitolewa mwaka 2018. Basi mara nyingi gharama ya kutotibu huwa kubwa kuliko gharama ya kutibu, ila hulipwa kidogo kidogo, nasi hatuioni.

Hesabu ya pili ni kubwa zaidi, nayo haina fedha ndani yake. Tukisema mzee atibiwe kwa sababu atafanya kazi tena, itakuwaje kwa yule asiyeweza kazi yoyote? Tutasema ya kuwa macho yake hayana thamani? Mtu hatazami kwa ajili ya kuchuma tu. Hutazama apate kumjua aingiaye, kuiona njia ya chooni usiku, kusoma mwenyewe wimbo kanisani, kuuona uso wa mwanawe kabla ya kufa. Miaka iliyobaki ikiwa michache, hiyo si sababu ya kuiacha gizani. Kama imebaki mitatu, hiyo mitatu ndiyo yote aliyo nayo.

Tena liko jambo la heshima na la hatari pamoja. Asiyeona humtegemea aonaye, na si kila aonaye ni mwaminifu. Wasomaji wetu wakumbuka habari za Isaka, jinsi macho yake yalivyofifia asiweze kuwatambua wanawe, na jinsi alivyodanganywa ndani ya nyumba yake mwenyewe na watu aliowapenda. Leo mzee asiyeweza kusoma simu yake humpa mjukuu ile namba ya siri ya fedha, apate kusomewa salio. Wajukuu wengi ni waaminifu. Lakini si haki kumweka mzee katika hali ya kumwamini mtu kwa lazima, ikiwa miwani ya kusomea ingalimwezesha kumwamini kwa hiari.

Yatupasa kusema neno na wazee wenyewe pia, kwa adabu zote, maana nao wana sehemu yao. Wengi huficha. Mzee wa kanisa aliyezoea kusoma somo siku ya Jumapili huanza kusema, "Vijana nao wasome," na watu husifu unyenyekevu wake, kumbe herufi zimempotea. Mama husema, "Sitaki kuwasumbua watoto." Neno hilo hutoka katika upendo, twalijua. Lakini anayeficha shida yake huwanyima watoto wake nafasi ya kutenda lililo haki, na siku ile aangukapo ngazini hao watoto watajilaumu kwa jambo wasiloambiwa. Tena akina mama ndio wasahauliwao zaidi. Watafiti wa habari za macho walionyesha mwaka 2002 ya kuwa katika nchi maskini wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wanaume, ingawa wenye ugonjwa huo si wachache kwao. Mara nyingi mwenye kushika fedha ni mwingine, na mama hungoja mpaka aulizwe. Basi na aulizwe.

Je, saburi haina mahali pake? Inapo, na mahali pake ni pakubwa. Si kila upofu huondoka. Iko presha ya macho, ambayo huiba uwezo wa kuona bila maumivu, na kilichokwisha kupotea kwayo hakirudi. Kwa hiyo yafaa mtu apimwe mapema, hata akiisha kununua miwani barabarani na kuona inamtosha. Iko madhara ya kisukari ndani ya jicho, na mengine ambayo daktari akiisha kuyatazama husema, "Tumefika mwisho wa uwezo wetu." Hapo saburi huwa saburi ya kweli, kwa kuwa imekuja baada ya kuuliza. Na hapo wajibu wetu haukomi, ila wabadilika: kama hatuwezi kumrudishia macho, imetupasa kumwazima yetu. Tumsomee barua yake yote, si sehemu tuitakayo. Tumwulize kabla ya kuamua. Tukiingia kwake tutaje jina letu pamoja na shikamoo. Twaikataa ile desturi ya vijana wasimamao mbele ya kipofu na kumwambia, "Bibi, umenijua? Mimi ni nani?" hali wakicheka akikosea. Waifanya kwa mchezo, lakini bibi hujibiwa mara ya mia ya kuwa hana macho.

Kwa walimu wa vijijini na wa mjini tungependa kutia neno moja la kazi. Mwezi huu, mtakapowazuru wazee, chukueni kitabu cha nyimbo. Mpeni mzee ajuaye kusoma, akishike kwa umbali wa kawaida, asome mistari miwili. Kisha afunike jicho moja na kutazama kitu cha mbali, halafu jicho la pili, maana wengi hawajui ya kuwa jicho moja limekwisha kufungwa na ukungu, kwa vile lingine lawafanyia kazi. Asiyejua kusoma apewe sindano na uzi, au mchele wa kuchambua. Akishindwa, msimwambie ni uzee. Mwambieni apelekwe apimwe, na mumtafutie atakayefuatana naye, maana wengi hawazuiwi na fedha tu, bali na hofu ya kwenda peke yao mahali wasipopajua. Serikali yetu katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na ikasema habari za matibabu ya wasiojiweza. Kwa hiyo ulizeni katika ofisi ya mtaa na hospitalini ni msaada gani upatikanao, kabla ya kusema ya kuwa haiwezekani.

Na ikiwa jibu la daktari litakuwa zuri, au litakuwa zito, mzee atakuwa amelisikia kwa masikio yake mwenyewe, na mtu wa nyumbani mwake ameketi kando yake.